Wosia wa bibi ulikuwa unamlinda nani?

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye semina ya wachumba na wazazi wao hapa Dodoma mjini. Waliokuwa safarini wameyaomba, nami nimeyaweka yote kama yalivyotoka. Nimeondoa tu pale nilipokuwa nawasihi watu wasogee viti vya mbele.

Mbukwenyi!

Mbona mnaitikia kama watu ambao hawajapewa chai? Mbukwenyi! Haya, sasa nawasikia. Na ninyi ambao si Wagogo, maana tangu serikali ihamie Dodoma hapa kuna kila kabila, habari za asubuhi. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wachumba, nawaona. Wengine mmeshikana mikono, wengine mmekaa kama mnasubiri kuitwa shaurini. Msijali, mtazoeana.

Mwenyekiti amewaambia kwamba nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, kwamba nimezunguka Bahi, Chamwino na Kongwa, na kwamba nimekaa kwenye mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Hakuwaambia kwamba na mimi nilifundwa. Nilifundwa na bibi, mama mkubwa na shangazi, usiku kucha, na mengi waliyonipa ninayatumia hadi leo. Kwa hiyo msitegemee kwamba nimekuja kuwacheka bibi zetu. Kuwacheka ni rahisi siku hizi. Unachukua wosia wa bibi, unautupia kwenye kundi la WhatsApp, watu wanakufa kwa kicheko, basi. Bibi hakuwa mjinga, ndugu zangu. Bibi alikuwa anapiga hesabu ambayo sisi hatukufundishwa kuiona.

Leo nina swali moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: wosia huu ulikuwa unamlinda nani? Na huyo aliyekuwa akilindwa, bado yupo?

Tuanze na wosia mkubwa kuliko yote. Vumilia.

"Vumilia, mwanangu. Hata mimi nilivumilia." Nani hapa hajausikia? Anyooshe mkono. Mnaona? Hakuna. Kwenye kicheni pati tunauimba, kwenye sendofu tunaurudia, na siku ya harusi shangazi anamnong'oneza bibi harusi sikioni asije akausahau njiani.

Kuna mama mmoja wa upande wa Mvumi alinisimulia habari yake ofisini kwangu, wakati huo tayari ana wajukuu. Akiwa bado binti, miaka ya 1980, alirudi kwa baba yake alfajiri, jicho moja limeziba, mtoto mgongoni. Baba yake hakumfukuza wala hakumfokea. Alimwambia aketi. Kisha akaokota kokoto, akaanza kuzipanga moja moja kwenye vumbi, kila kokoto ni ng'ombe mmoja wa mahari yake. Yule mama aliponisimulia alichukua vizibo vya soda vilivyokuwa mezani kwangu akanionyesha, huku akiyarudia maneno ya baba yake. "Huyu mwekundu yuko kwa mjomba wako, maana naye alinichangia nilipomwoa mama yako. Hawa wawili wako kwa baba yako mdogo. Huyu tulimuuza mwaka ule mvua zilipokata." Akabakiza vizibo vinne. Vile vinne akavisogeza pembeni, taratibu. "Na hawa wanne ndio tuliotolea mahari ya mke wa kaka yako." Mke huyo wa kaka alikuwa jikoni anasonga ugali, anasikia kila neno. Baba akamuuliza bintiye: "Sasa niambie, mwanangu, nikamvunjie kaka yako nyumba?"

Jioni ile ile alirudi kwa mumewe.

Nisikilizeni vizuri. Yule mzee hakuwa mkatili. Alikuwa anasema kweli. Ng'ombe wa mahari kwa Wagogo hawakai kwenye boma la baba wakinenepa. Wanatolewa na ndugu wengi na wanagawiwa ndugu wengi, upande wa baba na upande wa wajomba. Ndoa ikivunjika, wanadaiwa. Hata serikali iliandika jambo hili: kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilieleza ni lini mahari irudishwe na irudishwe kiasi gani. Binti mmoja akitoka kwenye ndoa, nyumba tatu zinatikisika.

Na mbona ng'ombe walikuwa na uzito huo? Ninyi mliokuja juzi na treni ya SGR, tazameni nje. Hapa mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na mwaka mwingine haifiki hata hapo. Wazee wetu walitusimulia Mtunya, ile njaa iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka na mifugo ya watu wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, halafu mvua nazo zikagoma. Ugogo ulizika watu wengi. Jamii iliyopita hapo inajua kwamba anayekuokoa mwaka wa njaa ni ng'ombe na mkwe. Basi ikatunga wosia wa kulinda ng'ombe na mkwe. Vumilia.

Lakini ule wosia ulikuwa na nusu ya pili, na hii hatuisemi kwenye kicheni pati. Mume akizidisha, shemeji zake wanakuja. Wazee wanaketi chini ya mti, anaulizwa mbele ya baba yake mzazi, anatozwa mbuzi, akirudia anatozwa ng'ombe. Haikutosha, sikatai. Wapo waliouawa wakivumilia, na wazee wapo. Ila palikuwa na macho.

Leo je? Mahari inaingia kwenye simu ya baba. Ndani ya wiki imeshageuka turubai, viti vya kukodi na kijana wa kurusha droni. Hakuna kaka aliyeoa kwa ng'ombe wa dada yake. Kokoto hazipo! Na yule binti anaishi chumba na sebule Nkuhungu, jirani wa kulia katoka Mbeya, wa kushoto katoka Kigoma, wanasalimiana getini tu. Kaka yuko Geita machimboni. Mjomba anaonekana kwenye picha za harusi. Akipigwa usiku, jirani anaongeza sauti ya redio.

Tumewaacha wazee wa kutoza faini, tumebaki na vumilia peke yake. Sasa nauliza: wosia huu leo unamlinda nani? Nauliza tena, wazazi: unamlinda nani?

Mimi nawajibu. Unamlinda anayepiga. Na unatulinda sisi wazazi na aibu ya majirani.

Sheria ya Ndoa tunayo tangu mwaka 1971. Wachumba, ilikuwepo kabla hamjazaliwa. Kifungu cha 66 kinasema hata kama mila inasema vingine, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto wako akija alfajiri na jicho limeziba, mpeleke huko. Chai atakunywa baadaye.

Najua kuna mzazi anasema moyoni, "Huyu mama anawafundisha watoto kukimbia ndoa." Hapana, baba yangu. Ukame ukija, vumilianeni. Kazi ikiisha, mtoto akichelewa, mmoja akilala kitandani miaka miwili, vumilianeni, na hapo bibi alikuwa mwalimu kuliko mimi. Hiyo ni shida iliyowapiga wote wawili. Mmoja akimpiga mwenzake, lile ni kosa, lina kifungu, na lina mahakama.

Ombi langu kwa kila wachumba mlioko hapa: kabla hamjachagua rangi ya sare, chagueni watu wawili, mmoja kila upande, wenye ruhusa ya kuwauliza swali gumu wakati wowote. Mshenga akiwa mtu makini, muongezeeni kazi. Msimlipe soda siku ya posa mkamsahau.

Nakuja kwenye wosia wa pili, na huu una mapacha. Pacha wa kike anaambiwa: "Ya ndani hayatoki nje, na mumeo usimsumbue kwa mambo ya jikoni." Pacha wa kiume anaambiwa na baba yake: "Mwanamke akiujua mshahara wako, amekwisha kukutawala." Mnacheka! Wanaume mnacheka sana, maana mmeusikia.

Tulipokea shauri la mume na mke wa Chang'ombe. Mume mwalimu, mke anauza nyanya na vitunguu soko la Majengo. Hawapigani, hawatukanani, watu wa heshima kabisa. Siku moja mume anarudi nyumbani anakuta ukutani msumari mtupu, televisheni haipo. Anaenda pembeni, friji haipo. Sakafuni pamebaki mraba wa vumbi, safi pande zote, vumbi katikati, pale friji ilipokuwa imesimama. Vijana wa kausha damu walikuja na guta wakabeba.

Mnaijua kausha damu. Unachukua mkopo asubuhi, unaanza kurejesha kesho yake, kila siku, riba ya kukutoa roho. Mama yule alichukua laki tatu, biashara ikayumba, akachukua mwingine wa kulipia ule wa kwanza, na friji akaiweka dhamana. Hakumwambia mumewe. Alifundwa asimsumbue kwa mambo ya jikoni.

Basi barazani mume akawaka kweli kweli. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe, baba fulani, hati yako ya mshahara iko wapi?" Kimya. Tukamwomba aje nayo kikao kinachofuata. Alipoileta, mkewe ndiyo kwanza anaiona tangu waoane, na watoto wakati huo wako sekondari. Makato ya SACCOS, makato ya benki, kilichobaki hakifiki theluthi. Miaka yote ile mama anadhani mume ana hela ila ni bahili, na mume anadhani mke ana duka linalojiendesha lenyewe.

Hebu watazameni. Watoto wawili wenye adabu, kila mmoja amewatii wazazi wake, na friji imekwenda!

Wosia ule ulikuwa unamlinda nani? Babu aliyekwenda kukata mkonge akarudi na shilingi zake kiunoni alikuwa na haki ya kuficha. Kulikuwa na mtoza kodi, kulikuwa na wajomba kumi na wawili wenye shida. Na mali kubwa ya nyumba haikufichika hata kidogo. Mtama uko ghalani, bibi ndiye anayeuchota, anajua umebaki wa miezi mingapi. Ng'ombe wako bomani. Ng'ombe analia, ndugu zangu. Mshahara haulii. Deni halilii, mpaka siku ya guta.

Kwa hiyo nawaagiza wachumba kazi ya nyumbani, na sitanii. Kabla ya kutangazwa kanisani au kufunga nikaha, ketini na karatasi. Unapata kiasi gani? Unadaiwa na nani? Unamsomesha nani kule kijijini? Una mtoto mahali? Kiwanja cha Ihumwa kiko kwa jina la nani? Mtu akikataa kujibu hayo sasa, wakati anakuita malaika, atajibu lini? Halafu mjue kifungu cha 59 cha sheria ile ile: nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Na kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake sawa na mwanamume.

Je, "ya ndani hayatoki nje" tuitupe? Nusu yake tuitunze, tena kwa kufuli. Maana kuna watu hapa hawawezi kumwambia mshenga kwamba wamegombana, ila mtaa mzima umejua kabla ya saa nne kwa sababu ya stetasi. Umeandika "wengine hawajui thamani ya ulichonacho," ukaweka na ua jeusi. Thamani ya nini? Kamwambie mwenyewe, amelala chumba cha pili!

Sasa wazee, mnisamehe, naingia jikoni.

"Mwanamume haingii jikoni." Kwenye tembe la bibi yangu hesabu ilikuwa inaeleweka. Yeye anatwanga mtama, anachota maji, anachemsha mlenda. Babu anachunga, anakesha na fisi, anajenga upya dari la udongo kila mvua inapolibomoa. Wote wamechoka sawa. Leo wote wawili wanapanda daladala saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mtumba kwenye ofisi za serikali, wote wanarudi jioni, na mmoja anakaa kwenye kochi kuangalia mpira. Wosia unamlinda nani hapo? Unalinda mpira.

Na hata yule mama ambaye haendi ofisini, msiseme "hafanyi kazi." Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hilo mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ndoa imevunjika, mama anaomba sehemu ya mali, anaambiwa wewe ulikuwa mke wa nyumbani tu, umechangia nini? Mahakama, ikiongozwa na Jaji Mkuu Nyalali, ikasema kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Wanawake mnapiga vigelegele. Ngojeni, sijamaliza. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mumewe aliwahi kumpa fedha za mradi wa familia, naye akazitapanya. Shauri lililowafungulia mlango mama wote wa Tanzania, yeye lilimwacha nje. Ndiyo maana nawaambia wanawake wenzangu: kazi yenu inahesabika, na matumizi yenu yanahesabika.

Habari ya "muoze mapema asije akaharibika" nitaipita haraka, maana haihitaji hotuba. Sheria ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, mvulana mpaka afikishe 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaenda mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu vile vinavunja Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mzazi unayepanga kumtoa binti wa kidato cha pili kwa sababu mchumba ana pikipiki mbili, nikukute nyuma ya ukumbi tuongee.

Nimebakiza wosia mmoja, na huu nimekuja kuutetea. Nataka vijana mnisikilize, maana ndio mnaoudharau kuliko yote. "Chunguzeni ukoo."

Zamani mtu akiposa, wazee wanatuma mpelelezi. Anakwenda kama mgeni wa kuuliza njia, anapewa uji, macho yanafanya kazi. Ukoo huu ni wavivu? Wagomvi? Na swali moja lilikuwa halikosi: watoto wao wanakaa? Maana kulikuwa na nyumba watoto wanaumwa viungo, wanakuwa na macho ya manjano, wanakufa wadogo, mmoja baada ya mwingine. Wazee hawakujua kwa nini. Wakasema kuna laana, kuna uchawi. Sababu waliikosea. Lakini walichokuwa wanakitazama kilikuwepo.

Kinaitwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo. Unaweza kuwa na vinasaba vyake usiugue hata siku moja, ukacheza mpira, ukapita jeshi. Ukikutana na mwenzio mwenye navyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, si kwamba mkishampata mmoja basi watatu wanaofuata wako salama. Hapo watu wengi wanakosea.

Wachumba wawili walinijia wamepima, wote wanavyo. Baba wa binti alitaka posa irudishwe siku hiyo hiyo. Tukawatuma kwa daktari, wakaelezwa, wakapewa muda. Walioana. Mtoto wao wa pili anaugua, na waliligundua mapema kwa sababu walikuwa wanajua cha kutafuta. Anakwenda kliniki, anameza dawa zake, anasoma. Wachumba wengine, hesabu ile ile, waliachana na wakaagana vizuri, kila mmoja ana nyumba yake leo. Sitawaambia nani alifanya vyema. Wote waliamua macho yakiwa wazi. Tena hapa hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekwisha kuanza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Ni matibabu ya gharama kubwa, na si kila mtoto anafaa. Kipimo cha kujijua ni damu kidogo tu.

Wosia huu ulimlinda nani? Mtoto ambaye hajazaliwa. Bado anakuja. Basi chunguzeni ukoo, ila safari hii mpelelezi aende maabara, na VVU mpime siku hiyo hiyo, pamoja, majibu msomeane.

Wauguzi wameshaweka meza nje upande wa maegesho, mwende wawili wawili, wazazi msiwasindikize. Mwenyekiti, kipaza sauti nakurudishia. Kuna mzee wa mstari wa pili amenyoosha mkono tangu niliposema habari ya jikoni, hajaushusha mpaka sasa. Naomba aanze yeye.